Mbaazi Ziongezwe, Mahamri Yapungue

Kama utabadilisha kitu kimoja tu mezani pako, badilisha hesabu ya mbaazi na mahamri. Asubuhi hapa Kilifi, kuanzia Kibaoni hadi mwisho wa barabara ya Bofa, mtu mzima hununua mahamri manne na kumwagiwa mbaazi za kulainishia koo tu. Igeuze hesabu hiyo: bakuli zima la mbaazi, na hamri moja la kuchovya, au mawili siku ya njaa kali. Mfukoni hutaumia sana, ladha ni ile ile, na utakuwa umefanya jambo ambalo wataalamu wa lishe wamekuwa wakilihimiza kwa miaka hamsini bila kumtaja hata mara moja mama muuza mbaazi.

Bakuli la gramu 200 za mbaazi zilizopikwa lina nyuzinyuzi gramu 13 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linamtaka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe, pamoja na mboga na matunda yasiyopungua gramu 400. Kwa hiyo nusu ya kazi umeshaimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Nusu ya pili ndiyo inayotuponyoka, kwa sababu tunaikoboa mashinani, tunaikamua kwenye juisi, na tunaiona haya ikiwa kwenye fungu la majani.

Kabla hatujaingia jikoni, ni vizuri ujue kwa nini unasumbuliwa.

Kazi ya nyuzinyuzi tumboni

Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuisaga ikaisha. Ule ute unaovutika ukikata mabenda au ukipika mrenda ni nyuzinyuzi. Na maganda ya kunde yanayobaki kwenye meno nayo ni nyuzinyuzi, ila za namna nyingine. Zile za ute huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, na hivyo sukari haipandi kwa kishindo baada ya kula. Tena hunasa nyongo na kutoka nayo kwenye choo. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia kolestero, kwa hiyo likikosa nyongo ya kurudi hulazimika kuchota kolestero nyingine kutoka kwenye damu. Hapo ndipo mishipa ya moyo inapopata nafuu.

Zile ngumu za maganda huongeza wingi wa choo na kukisukuma. Mtu mwenye bawasiri au anayefunga choo siku tatu hahitaji kuelezwa faida yake.

Lakini jambo kubwa zaidi hutokea mwishoni, kwenye utumbo mpana, ambako wamo bakteria wasiohesabika. Nyuzinyuzi ndizo chakula chao. Wakizila, hutoa asidi ndogo ndogo za mafuta, mojawapo ikiitwa butireti, na hiyo ndiyo inayolisha chembe za ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe wa ndani kwa ndani. Ukiwanyima nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia kamasi inayoukinga ukuta wenyewe.

Walioigundua faida ya nyuzinyuzi walianzia kwetu

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika kwenye jarida la The Lancet kwamba alipima presha za watu elfu moja huko Kisii na hakuona ile presha ya kupanda kwa umri aliyoizoea kwao. Mwaka huo huo Hugh Trowell aliingia Kenya kama daktari wa serikali ya kikoloni, baadaye akahamia Uganda. Mwaka 1956 kuonekana kwa mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo kulimtosha kuandika makala kwenye jarida la tiba la Afrika Mashariki. Linganisha na leo: uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana presha, na zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawafikishi kiasi cha mboga na matunda kinachotakiwa kwa siku.

Aliyeipigia debe habari ya nyuzinyuzi kuliko wote alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hadi 1966. Huyu hakuwa na haya. Alizunguka dunia akionyesha picha za vinyesi kwenye mihadhara, mbele ya madaktari waliovaa tai. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Walker na Painter, walichapisha vipimo vyao: watu walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki, kisha choo chao kikapigwa eksirei kuona vimetoka lini. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa saa 36 hivi, na choo cha siku kilikaribia nusu kilo. Kwa mabaharia wa Kiingereza na wake zao kilikaa zaidi ya saa 80, na choo kilikuwa gramu mia moja na kidogo.

Usiyachukue maneno ya Burkitt kama msahafu. Mwanakijiji wa Uganda wa wakati ule alitofautiana na baharia kwa mengi: alitembea sana, hakuwa mnene, na wengi wa rika lake walikufa kwa maradhi mengine kabla ya kufikia umri wa kuugua moyo. Ushahidi ulio imara zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 2019 watafiti wa New Zealand, wakiongozwa na Andrew Reynolds, walikusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio 58, kwa ombi la Shirika la Afya Duniani. Waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na hatari ndogo, kwa asilimia 15 hadi 30, ya kufa mapema, na ya kupata maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana, kuliko waliokula kidogo. Faida ilionekana zaidi kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku, na zaidi ya hapo bado kuna dalili za faida.

Karibu na sisi zaidi, mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti uliofanywa Kilimanjaro na wataalamu wa Moshi na wenzao wa Uholanzi. Vijana wa kiume 77 walishirikishwa. Wale waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi mbichi, maharage, mabenda, nafaka zisizokobolewa, walilishwa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili. Damu yao ilionyesha uvimbe umepanda, na chembe za kinga zikawa goigoi mbele ya vijidudu. Waliobadilishwa kinyume chake walionyesha nafuu. Ni watu wachache na muda ni mfupi, na dalili kwenye damu si ugonjwa wenyewe. Hata hivyo wiki mbili ni muda mdogo sana kwa mwili kubadilika hivyo, na chipsi wanazozungumzia ndizo hizi hizi za kando ya barabara.

Sima: mwambie fundi asikoboe

Punje ya mahindi ikikobolewa hupoteza ganda na kiini, na kinachobaki ni wanga mweupe. Unga wa pakiti ulio laini na mweupe pe ndio huo. Unga wa mahindi mazima una nyuzinyuzi gramu 7 hivi kwa kila gramu 100, na sahani ya sima ya mtu mzima hutumia unga wa gramu 150 au zaidi. Ukienda posho mili sema wazi kwamba unataka kusagiwa bila kukobolewa, kwa sababu fundi atadhani unataka mweupe kama jirani yako. Rangi itakuwa na weusi kidogo, sima itakuwa nzito, na wageni watauliza. Waache waulize.

Unga huo una mafuta ya kiini, hivyo huchacha. Saga wa wiki mbili, si wa mwezi mzima.

Hapa kuna hatari ambayo wanaohubiri nafaka nzima huiruka. Ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini hupenda mahindi yenye unyevu, na sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, yaani pale pale unapopataka. Mwaka 2004 huko Ukambani watu 317 waliugua na 125 wakafa. Joto la pwani na mvua za masika havilisamehe gunia lililowekwa chini sakafuni. Chambua punje kwa mkono: zilizosinyaa, zilizotobolewa na zenye rangi ya kijani au kijivu zitupe kabisa, usiwape hata kuku. Ili kupima unyevu, chukua chupa ya glasi iliyokauka, tia mahindi hadi robo na chumvi kavu vijiko vichache, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama huna hakika na mahindi yenyewe, ni heri ule sima ya unga wa pakiti na utafute nyuzinyuzi zako kwenye kunde.

Au urudi kwenye mtama na wimbi. Katika karne ya 19 Malindi ilikuwa ikisafirisha mtama na simsim hadi Uarabuni, kwa jasho la watumwa, na Wagiriama wa bara walikuwa wakilima nafaka za kuuza hadi bandarini Takaungu. Mtama hustahimili ukame kuliko mahindi na una nyuzinyuzi zinazokaribiana na za mahindi mazima, wimbi huzidi. Changanya mtama sehemu moja na mahindi sehemu mbili kwa kuanzia. Sima ya mtama mtupu inahitaji mkono uliozoea, na si kila nyumba itaikubali siku ya kwanza.

Kwa wapenda chapati, nusu ya unga mweupe ibadilishwe kwa atta. Wali mweupe uuhesabu kama sifuri: haufiki hata gramu moja kwa kila gramu 100 za wali uliopikwa. Kula kama unaupenda, lakini ujaze sahani maharagwe.

Majani ya fungu

Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba sukuma wiki ni mboga ya mjini na mchunga ni wa walalahoi. Mchunga, mnavu, mchicha, majani ya kunde, matembele, kisamvu, mrenda: haya yote huuzwa kwa mafungu, mengine huota yenyewe baada ya mvua ya kwanza. Wapishi wa Kigiriama huyachanganya mawili matatu kwenye sufuria moja, chungu kwa laini, na hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu ute wa mrenda humeza uchungu wa mchunga. Pika kwa muda mfupi, kitunguu na nyanya, chumvi ya kupima. Ukiyachemsha hadi yawe meusi, nyuzinyuzi zinabaki ila vitamini C imekwenda na maji.

Kisamvu kina masharti yake. Majani ya muhogo yana sianidi, kwa hiyo yatwangwe kinuni hadi yalainike kabisa, kisha yachemshwe bila kufunikwa, muda mrefu, kabla ya kutiwa nazi. Muhogo mchungu usiule kwa kuuchemsha tu.

Nazi na matunda

Tazama kinachotokea kila siku kwenye nyumba ya pwani: nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa kwenye kifumbu, tui linaingia sufuriani, machicha yanatupwa kwa kuku. Sisi tunakula mafuta, kuku wanakula nyuzinyuzi. Karibu zote za nazi hubaki kwenye machicha. Usiyamwage yote, kiganja kimoja kikichanganywa kwenye unga wa mkate wa sinia au kikikaangwa kavu na kunde hakiharibu kitu. Tui nalo lipunguze kwa mtu mzima mwenye presha au kolestero ya juu, maana mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolestero. Pika mbaazi kwa tui la pili, lile jepesi, na umalizie kwa kikombe kidogo cha tui zito wakati wa kuepua. Harufu utaipata.

Kwa matunda, kanuni ni kutafuna. Juisi ya embe, ya bungo, ya ukwaju, zote ni tamu, na zote zimeacha nyuzinyuzi kwenye chujio kisha zikaongezwa sukari. Kwa wingi wa nyuzinyuzi, pera linalishinda embe kwa mbali: gramu 5 kwa kila gramu 100, dhidi ya gramu moja na nusu hivi. Embe ngowe na boribo ukazile msimu wake kwa raha zako. Ila mpera ukiwa uani, usiwaachie popo.

Mabuyu nayo yako kila upande, na ni ajabu tunavyoyapuuza hadi yapakwe rangi nyekundu na sukari na kuuziwa watoto nje ya shule. Unga mweupe wa ubuyu, usiotiwa kitu, ni miongoni mwa vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi kabisa. Vipimo vingi hufika gramu 40 na zaidi kwa kila gramu 100. Vijiko viwili vya mezani kwenye uji uliokwisha kupoa kidogo vinatosha. Usitie sukari. Ule ukali ndio ladha yake.

Kiporo, na namna ya kuanza

Wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa mgumu kusagika, ukafanya kazi ya nyuzinyuzi. Hivyo viazi vitamu, muhogo au wali wa jana una nafuu kidogo kwa sukari kuliko wa moto. Nafuu ni ndogo, na kwa joto la Kilifi wali uliolala nje ya friji unaweza kukuharibu tumbo hata ukiupasha moto tena, kwa sababu sumu ya bakteria wake haifi kwa moto. Kama huna friji, kiporo cha wali kisahau.

Usianze yote kwa siku moja. Tumbo lililozoea mkate mweupe likipewa bakuli la kunde na sima ya mtama kwa mkupuo litavimba, litatoa hewa, nawe utaapa hutarudia. Ongeza kitu kimoja kila wiki. Loweka kunde na mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Kunywa maji ya kutosha mchana, maana nyuzinyuzi ngumu bila maji hufunga choo badala ya kukifungua. Baada ya wiki tatu hivi bakteria wako watakuwa wamezoea.

Hesabu ya siku ya kawaida inakwenda hivi: mbaazi za asubuhi gramu 13, sima ya mahindi mazima mchana gramu 10, fungu la majani gramu 3 au 4, pera moja gramu 3. Umefika, na hujanunua hata kopo moja la unga wa nyuzinyuzi dukani kwa mfamasia.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba sima nzima bado ni wanga, na mlima wa sima ni mlima. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apime mara nyingi zaidi wakati anabadilisha chakula, kwani sukari inaweza kushuka kuliko alivyozoea. Dawa zisiachwe wala kupunguzwa bila kumwona daktari. Mgonjwa wa figo asijitose kwenye mbaazi, matembele na ndizi bila ushauri, kwa sababu vina potasiamu nyingi. Na yeyote anayeona damu kwenye choo, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, aende hospitali kwanza, mabuyu baadaye.

Mtoto mdogo ni habari nyingine kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 uliitaja Kilifi kuwa kaunti yenye watoto wengi zaidi waliodumaa nchini, asilimia 37 ya walio chini ya miaka mitano. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ukilijaza maganda na uji mwepesi, litashiba kabla hajapata nguvu ya kukua. Yeye mpe mbaazi zilizopondwa na kuchujwa maganda, samaki au yai likipatikana, na lile tui zito ulilolipunguza kwenye sufuria ya watu wazima mmiminie yeye.